Rimu kopi za inchi 18 kwenye Mark X: fundi anasema ringi ya habu ni urembo tu. Kweli?

MtotoWaKimara #1
Wakuu, habari. Nina Toyota Mark X GRX120. Nimetoa rimu zake za inchi 16 nikafunga kopi za TE37 (rimu za kampuni ya RAYS), inchi 18, tairi 225/45. PCD ni 5x114.3 (bolti tano kwenye mduara wa kipenyo cha mm 114.3), zimeingia bila kulazimishwa. Tundu la katikati la rimu nimelipima kwa kalipa ni mm 73.1, habu ya gari (pale rimu inapofungwa) ni 60.1. Nilipouliza zile ringi za kujaza nafasi, fundi akacheka: "Hizo urembo, gari inashikwa na nati." Nati tulizofunga ni zilezile zilizokuja na gari.

Sasa kuanzia 90 mpaka karibu 115 steringi inatetemeka mkononi. Chini ya 80 kimya. Nikipita 120 inapungua. Balansi nimefanya, mashine inasoma sifuri pande zote. Alaimenti safi. Rimu za zamani hazikuwa na shida hii.

Fundi yuko sahihi, au hiyo ringi ina kazi?

Kipara_Spea #2
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kiti.

DerevaWaUsiku #3
Mark X, rimu kopi, halafu "nikipita 120". Mkuu unawahi wapi? Hiyo steringi inakuonea huruma.

NatiTano #4
Umepigwa. Ringi ya habu ndiyo inayobeba gari. 73.1 kutoa 60.1 unabaki na mm 13, yaani nafasi ya 6.5 kila upande. Rimu yako inaning'inia kwenye bolti tano za mm 12. Ingia shimo moja la Mbagala uone kama hazijakatika. Ringi inabeba uzito wote, bolti kazi yake ni kuzuia tairi lisichomoke.

MkerezajiGerezani #5
@NatiTano hesabu ya nafasi iko sawa, ila hapo kwenye kubeba uzito umechemka. Ringi nyingi zinazouzwa ni za plastiki. Plastiki ya unene wa mm 6 ibebe Mark X kwenye matuta ya Morogoro Road? Ingekuwa hivyo zingesagika wiki ya kwanza.

Kinachobeba gari ni mbano. Toyota wanataka nati za M12 (za bolti ya mm 12) zikazwe Nm 103 (Nm ni kipimo cha mkazo). Kwa mkazo huo kila bolti inavuta rimu kwenye uso wa habu kwa nguvu ya takriban tani nne. Bolti tano, zaidi ya tani ishirini. Msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu ndio unaozuia rimu isiteleze kushuka. Gari lako lina kama tani moja na nusu, kila kona haifiki hata kilo 400 na kitu. Bolti haitakiwi kubeba kwa upande hata kidogo, inavutwa kwa urefu tu. Ukiona bolti imekatika kwa upande, ujue mbano ulishapotea zamani.

Ringi kazi yake ni kuiweka rimu katikati wakati unafunga nati. Ukishakaza, hata ukiichomoa kimuujiza gari litatembea vilevile.

NatiTano #6
Chai hiyo. Kama haina kazi, kwa nini Toyota wenyewe wametengeneza habu yenye shingo inayoingia kwenye rimu bila hata nusu milimita ya kucheza? Wajapani hawachezei chuma bure.

BabuWaFuso #7
Vijana, mnagombana wakati hamjamuuliza mgonjwa swali la kwanza. NATI ZAKE ZIKOJE?

Mimi niko kwenye malori. Habu za sasa za bolti kumi, PCD 335, tundu la 281, nati zake ni bapa. Nati bapa haijui katikati ni wapi, inabana popote utakapoiacha. Kwa hiyo kazi ya kuweka katikati inafanywa na habu yenyewe, na rimu isipokaa kwenye zile ngazi za habu, tairi linaruka mpaka abiria anashuka. Malori ya zamani yalikuwa na nati zenye koni au mviringo. Hizo zinajitafutia katikati zenyewe, na habu ilikuwa haigusi rimu.

Kwa hiyo NatiTano na Mkerezaji mnaweza kuwa sahihi wote au mmekosea wote. Mwenye uzi, weka picha ya nati.

MtotoWaKimara #8
Shukrani Babu. Nati ni bapa, zina shingo fupi na washa inayozunguka. Matundu ya rimu mpya kwa ndani yamechongwa koni.

MkerezajiGerezani #9
Basi acha kuliendesha hilo gari mpaka ubadilishe nati. Sikutishi.

Rimu nyingi za aluminiamu zinazotoka na Toyota zinatumia nati bapa yenye washa. Rimu za dukani karibu zote zinataka koni ya nyuzi 60. Washa bapa ikikaa juu ya tundu la koni inagusa ukingo tu, mduara mwembamba kama uzi. Unakaza, unasikia imekaza, kumbe imekalia rangi. Rangi ikipondeka nati imelegea. Na hapohapo gari lako halina kitu chochote kinachoweka rimu katikati: habu haigusi, nati hazijipangi. Rimu imekaa pale ilipoangukia siku fundi aliposhusha jeki.

Nunua nati za koni M12x1.5 (1.5 ni mm kati ya jino na jino). Ringi 73.1 kwa 60.1 zipo Kariakoo, usikubali "hii inakaribiana".

MamaIST #10
Samahani kaka zangu, mimi IST yangu ina kopi za inchi 15, tundu 67 na kitu, habu yake 54.1, ringi hazijawahi kuwepo. Naenda nazo Moshi na kurudi, hata glasi ya maji haitikisiki. Hii ringi si biashara ya wauza spea kweli?

Kipara_Spea #11
Dada umetugusa pabaya sisi wauza spea 😂

BabuWaFuso #12
@MamaIST nati zako ni koni?

MamaIST #13
Ndiyo, ndefu zimechongoka mbele. Nilinunua seti pamoja na rimu.

BabuWaFuso #14
Basi ndiyo hiyo. Aliyekufungia alikuwa mtu mwenye subira, kafunga tairi likiwa hewani, kwa mkono, kwa nyota, yaani kwa kurukaruka nati.

NatiTano #15
Au ana bahati na IST haifiki 90 😀

MamaIST #16
Ikufikishe wewe na Mark X yako ya mkopo.

Rift_Forester #17
Wadau niko Nairobi, nasoma kimyakimya lakini hapa lazima niingie. Mimi yangu ilikuwa kinyume: tundu dogo kuliko habu. Nilichukua rimu orijino za Toyota Wish, 5x100, nikataka kuweka kwa Forester SG5. PCD ni ileile. Lakini Wish ni 54.1 na Subaru ni 56.1, kwa hiyo rimu inagota kabla ya kufika uso wa habu. Jamaa wa jua kali akaniambia "hii ni dakika kumi", akatoa grinda akaanza kula katikati ya rimu kwa macho. Matokeo: tundu lina umbo la yai, steringi inacheza kutoka 70.

Tena alikuwa ameanza kuingiza nati za Toyota kwa bolti za Subaru kwa mashine ya upepo. Toyota ni M12x1.5, Subaru ni M12x1.25. Ziliingia mizunguko miwili kwa nguvu, meno ya bolti yakaisha. Nikabadilisha bolti mbili za habu siku hiyo.

MkerezajiGerezani #18
@Rift_Forester mm 2 zinatolewa kwenye mashine ya kukereza, rimu ikiwa imefungwa kwa uso wake wa nyuma, si grinda. Kazi ndogo kwa mwenye mashine. Na kabla ya mashine ya upepo, kila nati iingie kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, acha.

Ukiwa hapo hesabu na mizunguko. Nati ya M12x1.5 ikishika mizunguko nane umeshika urefu wa mm 12, sawa na unene wa bolti. Chini ya hapo mimi siruhusu gari litoke. Kopi nyingine zina sehemu ya kufungia nene kuliko rimu orijino, unakuta nati imeshika mizunguko minne tu.

Pemba_Bandarini #19
Assalaam aleikum. Wapo ndugu zangu wa bara wanaosema ringi za aluminiamu ni bora kuliko plastiki. Njooni huku kwenye chumvi. Aluminiamu ikikaa na chuma cha habu inagandana, siku ya pancha rimu haitoki, unapiga nyundo mpaka majirani wanakuja kuuliza. Huku tunaweka za plastiki na tunaishi kwa amani.

Kitonga_Boy #20
@Pemba_Bandarini za plastiki huku kwetu hazifai. Nilishuka mlima Kitonga na mzigo nyuma, breki zikapata moto, kufika chini nilipofungua tairi moja ringi ilikuwa imelegea imekunjamana. Tangu hapo ni aluminiamu tu.

Pemba_Bandarini #21
Huku hatuna Kitonga, alhamdulillah.

MkerezajiGerezani #22
Wote mna sababu. Aluminiamu: paka grisi nyepesi kidogo sana kwenye shingo ya habu tu. Isifike kwenye uso wa habu wala kwenye meno ya bolti.

SimbaWaNati #23
Mimi meno ya bolti napaka grisi miaka yote, nati zinatoka laini. Tatizo liko wapi?

BabuWaFuso #24
Kitabu cha mmiliki cha Toyota kinakataza mafuta na grisi kwenye bolti na nati za tairi. Grisi inapunguza msuguano wa meno, kwa hiyo Nm 103 ileile inavuta bolti kwa nguvu zaidi kuliko iliyokusudiwa. Bolti inavutika, na bolti iliyovutika hairudi.

SimbaWaNati #25
Na mtu asiye na spana ya kipimo? Nani hapa Dar anakaza kwa Nm?

BabuWaFuso #26
Asiye nayo aazime. Spana ya kawaida ya msalaba kwa mkono wa mtu mzima inakaribia, kusimama juu yake kwa miguu ni kuzidisha.

Mhandisi_Mlalamishi #27
Turudi kwenye mtetemo maana mmeshahamia kwenye grisi. Hakuna aliyemweleza mwenye uzi kwa nini mashine ya balansi inasoma sifuri na gari linatetemeka.

Mashine inashika rimu kwa koni kupitia tundu la katikati. Pale rimu iko katikati kabisa. Ukiipeleka kwenye gari ambako imekaa pembeni, ile sifuri imeisha. Hesabu: gurudumu zima, rimu na tairi, tuseme kilo 20. Likikaa nje ya katikati kwa mm 1 tu, ni sawa na kubandika risasi ya gramu 87 hivi upande mmoja wa ukingo wa rimu ya inchi 18. Fundi wa balansi anahangaika na gramu 5 na 10 wakati wewe una gramu 87 zimejificha kwenye habu. Na yeye hana kosa, mashine haimdanganyi.

Kuhusu kupungua baada ya 120, hiyo ni kawaida ya kitu kisicho na balansi. Sehemu za mbele za gari zina mwendo wake zinaoupenda kutikisika. Ukiupita, mtikisiko unapungua ingawa tatizo bado lipo.

Tochi_Chini #28
Mbona mnakimbilia rimu? Mtetemo wa 90 hadi 115 ni CV joint (kiungo cha shafti inayozungusha tairi) hiyo. Nimeona nyingi.

MkerezajiGerezani #29
@Tochi_Chini GRX120 inasukumwa na tairi za nyuma. CV joint ya mbele unaitoa wapi? Labda iwe ile Four inayosukumwa na tairi zote nne, GRX125.

Tochi_Chini #30
Basi senta bearing ya propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma.

Mhandisi_Mlalamishi #31
Senta bearing angeisikia kwenye kiti na sakafu, na ingeanza kabla ya rimu kubadilishwa. Yeye kasema mkononi. Ingawa na mimi nakiri hiyo kanuni ya "steringi ni mbele, kiti ni nyuma" haishiki kila mara.

Crown_Mzee #32
Mimi nina maelezo mengine ambayo hayajaguswa: rimu yenyewe si duara. TE37 orijino ya RAYS ni ya kufuliwa (kupondwa kwa mashine), na hilo jina linasemwa lilitokana na ile ya inchi 15 iliyokuwa na kilo 3.7. Kopi ni za kusubu (kumiminwa kwenye kalibu), nzito, na ubora unategemea siku iliyotoka kiwandani. Nilikuwa na seti ya kopi za BBS kwenye Crown, moja ilikuwa na mwendo wa kupanda na kushuka unaouona kwa macho. Nati sahihi, ringi sahihi, bado inaruka.

Kupima huhitaji mashine. Pandisha gari kwa jeki, weka stendi, simamisha bisibisi juu ya kiti karibu na ukingo wa rimu (usiguse tairi), zungusha taratibu kwa mkono. Angalia nafasi kati ya ncha na rimu. Ikifunguka na kufunga, ama rimu si duara ama haiko katikati. Legeza nati, zungusha rimu tundu moja mbele, kaza tena, rudia. Uvimbe ukihama pamoja na rimu, rimu ni mbovu. Ukibaki palepale kwenye habu, tatizo ni habu.

Mhandisi_Mlalamishi #33
@Crown_Mzee njia nzuri, ila kwa nati bapa kila ukilegeza rimu inakaa sehemu mpya, kwa hiyo jibu halitaeleweka. Aanze na nati.

DerevaWaUsiku #34
Na aangalie muhuri wa JWL, ile alama ya Japani ya ubora wa rimu. Zangu zina JWL na VIA zote mbili.

Crown_Mzee #35
Muhuri unaweza kuchongwa na yeyote mwenye mashine ya kusubu. Nimeona kopi yenye JWL ambayo herufi zimepinda.

Kipara_Spea #36
Jamani kutu mmeisahau. Gari la mtumba la miaka hiyo, uso wa habu na shingo yake vina magamba ya kutu. Rimu inakalia gamba upande mmoja, inakuwa imeinama. Brashi ya waya, msasa, futa, ndiyo ufunge. Na kwa kopi kwangua rangi nene nyuma ya rimu sehemu inayogusa habu. Ile rangi ikipondeka ndiyo sababu nati zinalegea baada ya siku chache.

Pemba_Bandarini #37
Ndiyo maana tunakaza tena baada ya safari ya kwanza.

BabuWaFuso #38
Kitabu cha Toyota kinasema rimu za aluminiamu zikaguliwe nati baada ya km 1,600. Kwa kopi zilizopakwa rangi nene mimi nasema km 100, halafu tena.

Benzi_Mtumba #39
Nachomekea swali. Nimepewa kopi za AMG (rimu za Mercedes) kwa bei ya rafiki, 5x112, tundu 66.6. Gari ni Crown, 5x114.3. Fundi anasema tofauti ni mm 2 tu, zinaingia kwa kukaza pole pole.

MkerezajiGerezani #40
Usifanye. Tofauti ni 2.3 kwenye kipenyo, maana yake kila bolti inainamishwa mm 1.15 kuelekea ndani. Nati inakalia upande mmoja wa koni. Itakaa, utafurahi, utapiga picha, halafu siku moja utasikia mlio. Rafiki wa bei ya rafiki mrudishie.

NatiTano #41
Zipo nati zenye koni inayocheza kwa ajili ya hilo, huku tunaziona kwenye mitandao.

MkerezajiGerezani #42
Zipo. Za kampuni inayojulikana na kwa tofauti ndogo, kuna wanaozitumia. Za bei ya kutupa kutoka kusikojulikana, chini ya gari lenye watoto ndani, wewe ungeweka?

NatiTano #43
Gari langu halina watoto. Ila sawa.

MtotoWaKimara #44
Wakuu mrejesho. Nimenunua nati za koni M12x1.5 na ringi za plastiki. Habu zimesuguliwa, kulikuwa na magamba kama alivyosema Kipara. Tairi zimefungwa hewani, kwa mkono, kwa nyota, halafu tukakaza chini kwa spana ya kipimo niliyoazima. Nati zinashika mizunguko tisa.

Mtetemo wa 90 umeisha. Umebaki mdogo kwenye 105 hadi 110, na unakuja zaidi asubuhi, nikitembea nusu saa unapungua.

NatiTano #45
Ringi imefanya kazi. Nilisema.

MkerezajiGerezani #46
Nati zimefanya kazi. Ringi imesaidia kuzipanga.

Kipara_Spea #47
Msasa umefanya kazi. Msiniibie.

Crown_Mzee #48
Ulibadilisha vitu vitatu siku moja, sasa hakuna atakayejua. Huo unaokuja asubuhi na kupungua ni tairi. Limelala sehemu moja usiku, au liliwekwa dukani muda mrefu likiwa limebebana na mengine. Angalia tarehe ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka.

MtotoWaKimara #49
Mbili zinasoma 1423, mbili 3119.

Crown_Mzee #50
Za 2019 ziko mbele?

MtotoWaKimara #51
Ndiyo, zote mbili.

Mhandisi_Mlalamishi #52
Zipeleke nyuma uone mtetemo unahamia wapi. Mimi bado nashuku rimu moja si duara. Bisibisi ya Crown_Mzee sasa ina maana, kwa kuwa nati zinajipanga.

Tochi_Chini #53
Au senta bearing.

Benzi_Mtumba #54
Mwenye uzi, zile rimu zako za inchi 16 bado unazo? Za AMG nimerudisha, sasa Crown iko juu ya mawe.

MtotoWaKimara #55
Zipo, na nati zake bapa zote ishirini. Njoo PM.